Uji wa Mama Bweni

Swaumu alinaswa na adabu zake mwenyewe. Jioni ya kuagana, dada wa mwaka wa tatu alimnyooshea kikombe cha uji, naye, kama alivyolelewa kwao Kondoa, akakipokea kwa mikono miwili. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba katika bweni lile la wasichana, anayepokea uji huo kwa mkono mmoja amepata uji tu, na anayepokea kwa miwili amepata ufunguo wa geti na jina la Mama Bweni.

Desturi ilianza zamani, baada ya msichana mmoja kuzidiwa na pumu usiku, wenzake wakabaki wanapiga kelele getini huku matroni kalala kwake. Tangu hapo ufunguo mmoja lazima ulale ndani, na mwenye nao halali nje. Jambo jema, nani abishe? Lakini jema hilo lilikuwa limemfunga Swaumu muhula mzima kama mbuzi kambani, na sasa Ikram, mdogo wake wa pekee, anaolewa Ijumaa.

"Nishikie siku mbili tu," alimwomba Karishma, mwenzake wa chumbani, binti wa duka la vitambaa mjini.

Karishma akacheka mpaka akakaa kitandani. "Mimi? Wikiendi zangu nizipeleke wapi? Ufunguo hauazimwi, shosti. Pika uji, tafuta mjinga mwenzio."

Swaumu alimchukia kwa neno hilo, kisha akaenda kupika.

Mjinga hakuwa mbali. Ruthu wa mwaka wa kwanza, mtoto wa Buigiri, hakuwahi kupita mbele ya mkubwa bila kuinama. Alhamisi asubuhi wasichana walijaa ukumbini kushuhudia. Begi la Swaumu lilikuwa tayari mlangoni. Akamnyooshea kikombe.

"Shikamoo, dada. Ahsante," Ruthu akasema, akapiga goti, akaleta mikono yote miwili.

Swaumu akaona uchungu. Akaona na hasira, kwa wale waliokwisha kuweka midomo tayari kwa vigelegele.

"Toa mkono mmoja."

"Dada, kwetu huo ni utovu wa adabu."

"Toa, nakwambia! Ukishika kwa miwili wanakufunga."

Akaeleza yote, kwa sauti, mbele ya mwaka wa kwanza wote. Ukumbi ukanuna. Karishma akashika kichwa, maana sasa nani tena angepokea? Ruthu akashusha mkono wa kushoto taratibu, akanywa uji wake, akashukuru.

Ijumaa Ikram alipiga simu, nyumba nzima ikisikika nyuma yake. "Dada, umefika wapi? Wanataka kunitoa, nimesema mpaka uje."

"Usinisubiri, mdogo wangu. Siwezi kutoka."

"Kwani wamekufungia?"

"Hapana," Swaumu akajibu, machozi yakimtoka. "Ufunguo ninao mimi."