Mama Victoire Aliyesali Nasi

Daniella alisimama juu ya kigoda, mikono ameikunja kifuani, akakataa kuifungua. Utepe wa kupimia ulikuwa tayari mkononi mwangu, pini nimezibana kwa midomo, na nguo yake ya kwaya ilikuwa imelala vipande vipande juu ya meza: katikati kitenge changu cha harusi, pembeni mabaki niliyookota kwa mafundi wa soko la Birere. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Hakuwa amewahi kunificha hata bega.

"Fungua mikono, Dani."

"Utaniangalia."

"Niko napima tu, mwanangu. Siangalii."

Uso wake ukavunjika. "Mama Victoire naye alisema vile vile," akasema. "Anataka foto yangu bila manguo. Anasema ni ya kupima robe ya kwaya."

Nilizitoa pini mdomoni moja moja, nikazichomeka kwenye kimto cha pini, polepole, kwa sababu nilikuwa naogopa mikono yangu.

Mama Victoire alikuwa rafiki yangu. Lazima niseme hivyo kwanza, la sivyo mengine hayataeleweka.

Zéphirin, mume wangu, alikuwa ameshaondoka kwenda Kisangani kutafuta kazi, baada ya kazi yake ya Goma kufungwa pamoja na nyingine nyingi. Mwanzoni alipiga kila jioni. Kisha Jumapili kwa Jumapili. Kisha alipopata mtandao. Tulibaki wawili katika nyumba ya mbao hapa mtaani Katoyi, mimi na mtoto, na mashini yangu ya kushona ambayo sauti yake ndiyo iliyokuwa mazungumzo ya mchana. Wageni hawakuja. Jamaa zangu walikuwa wametawanyika tangu tulipotoka milima ya Masisi, na majirani kila mmoja alikuwa na mzigo wake.

Nilishona kwa kilichokuwepo. Mafundi wa Birere hufagia chini ya meza zao vipande vya vitenge visivyotosha hata kitambaa cha kichwa. Mimi nilivijaza kwenye gunia, nikavipanga rangi kwa rangi, nikavifanya mifuko, mito, mashuka ya watoto wachanga. Magunia ya unga nikayafua mpaka maandishi yakafifia, yakawa bitana. Daniella ndiye aliyesema tuweke picha mtandaoni. "Mama, hivi vitu ni vizuri," alisema. "Watu wavione." Nilishangaa. Nilidhani anavionea haya.

Basi tukafungua ukurasa, kwa telefone yetu moja. Niliweka sheria, nami nilizishika. Telefone inakaa sebuleni. Mlango haufungwi. Sura ya mtoto haionekani, ni mifuko tu. Wanaume walioandika maneno ya kuzunguka zunguka niliwafuta hata kabla hajawasoma. Jioni tulisoma Neno, tukaimba ubeti mmoja, kila mtu akamwambia Mungu mbele ya mwenzake kilichomlemea. Nilijiona mlinzi mzuri.

Kisha akaja mama mnene mwenye kilemba cheupe na Biblia imefunguliwa mapajani. Picha yake ilikuwa hivyo. Aliandika kutoka Lubumbashi, akasifu mfuko wa bluu na njano, akauliza ni nani aliyenifundisha kulinganisha rangi namna ile. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nilimjibu kwamba ni mama yangu, kwa nyuzi za kufumia vikapu. Akaniuliza habari za mama yangu.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kila alfajiri nilikuta ameniandikia sala. Aliuliza kama mgongo wangu umepoa. Aliuliza kama Papa Daniella, mume wangu, amepiga simu. Siku nilipomwambia kwamba mtoto anamkosa baba yake mpaka analala amevaa koti lake, alinijibu: "Nimelia, dada yangu. Nitamwombea huyo mutoto kwa jina lake." Nilisoma maneno hayo mara mbili kando ya jiko la makaa, nikahisi kuna mtu amekaa upande wa pili wa moto.

Sasa Daniella alikuwa ameshuka kwenye kigoda, amekaa chini, anasimulia huku akitazama miguu yake. Wakati mimi nikiwa kisimani na mabidon ya maji, ndipo Mama Victoire alipomwandikia yeye. Alimwita "binti yangu". Alimwambia kwamba koti la baba halitoshi kumpa mtu joto. Alimfundisha kufuta ujumbe baada ya kusoma, kwa kuwa mama anaweza kuona wivu.

Koti. Mimi ndiye niliyempa habari ya koti. Kila mlango wa moyo wa mwanangu, alikuwa ameuingia kwa maneno aliyoyasikia kwangu.

"Ulimutumia?" niliuliza.

"Hapana. Moja tu ya kanisani, nimevaa. Hiyo ingine nilikataa. Ndiyo akaanza kunitisha, atakwambia niko na bwana."

"Ungeniambia."

"Ulikuwa unamupenda, Mama."

Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini hakumwamsha mgonjwa.

Nilichukua telefone nikatoka nje. Ilikuwa mchana mweupe, watoto wa jirani walikuwa wanateremsha chukudu, baiskeli yao ya mbao, juu ya mawe meusi ya volkano wakipiga kelele za furaha. Sikuwahi kumpigia Mama Victoire. Alikuwa amesema masikio yake ni mabovu, anapendelea kuandika. Iliita kwa muda mrefu. Kisha sauti ya mwanaume ikaitika, sauti ya kijana, laini, haina haraka.

"Mama Daniella," alisema. "Bwana asifiwe."

Mara zote alinisalimia hivyo. Nilikuwa nimezoea kuyasikia maneno yale kichwani kwa sauti ya mama mnene, sauti ambayo niliitengeneza mwenyewe, na pale pale, nikiwa nimesimama juani, nilisikia sauti ile ikifa.

"Ni mutoto," nilisema. "Unajua ni mutoto."

Alikata. Nilipoangalia tena, kilemba hakikuwepo. Palibaki duara la kijivu lisilo na uso.

Nilirudi ndani. Daniella alikuwa amejifunga koti la baba yake. Sikumwambia avue. Nilimuuliza kama ataruhusu nimpime juu ya koti hilo hilo, au tuache kabisa, nguo haina haraka. Alifikiri. Kisha akapanda kigoda, akainua mikono kidogo tu. Nilipima juu ya koti, nikapunguza kwa kukisia. Nguo ilitoka pana, na aliivaa hivyo hivyo pana.

Zéphirin alipopatikana nilimweleza yote. Akasema, "Vunja hiyo telefone." Nilimsikia akihema huko Kisangani. Nikamwambia sawa. Sikuivunja. Hata yeye alikuwa anaishi ndani yake.

Alhamisi nilikwenda kwenye sala ya wamama. Kiongozi wetu, Mama Bénita, alipouliza ni nani mwenye hitaji, nilisimama. Sikupanga vizuri maneno. Nilisema kuna mtu anayejifanya mama wa maombi, anawaomba watoto wetu picha, na kwamba alifika kwangu, tukasali naye. Mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba mwenye kumpa mutoto telefone asishangae. Mama Bénita akasema tuliweke mikononi mwa Bwana, akaanzisha wimbo, na wimbo ukanifunika kama shuka linavyotandikwa juu ya doa. Nilirudi nyumbani peke yangu, nikitafuta pa kukanyaga kati ya mawe.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Tulipeleka habari kwa mwalimu wa Daniella, naye akazungumza na darasa zima bila kumtaja. Mtoto akaanza kula tena, akaanza kunisumbua tena, nikamshukuru Mungu kwa usumbufu huo. Telefone sasa tuliishika pamoja, kichwa kwa kichwa, ujumbe kwa ujumbe.

Lakini alfajiri mkono wangu uliendelea kuitafuta kabla macho hayajafunguka. Nilikuwa namkosa Mama Victoire. Sikuwa na mtu wa kumweleza jambo kama hilo, kwamba mtu anaweza kumchukia mwanaume na papo hapo kumlilia mwanamke ambaye mwanaume huyo alimwigiza. Sala zenyewe zilikuwa zimechafuka. Nikianza "Baba mwema", nilimwona akiandika. Ndipo nilipoanza kusali kwa Kihunde, lugha ya kwetu Masisi, kama mama yangu alivyosali akikamua ng'ombe, kwa sababu katika Kihunde hakuwahi kuniandikia chochote. Nilikuwa nimesahau maneno mengi. Palipokosekana neno, nilinyamaza tu, na nadhani nilisikika.

Mvua ilikuwa imetoka kunyesha siku Charline alipobisha. Ni mama wa mtaa wa Murara, huwa anakaa karibu na mlango wa kanisa na hutoka kabla ya wengine. Hatukuwa tumewahi kuzungumza zaidi ya salamu. Alininyooshea sketi akaniomba nimshonee pindo. Niliigeuza mikononi, pindo lilikuwa zima.

"Mutoto wangu iko na miaka kumi na moja," alisema, akiitazama mashini badala ya kunitazama mimi. "Nikiingia, anageuza telefone chini. Mama Daniella, mutu anaanza kuuliza namna gani?"

Niliweka maji ya chai jikoni, nikatoa vitambaa juu ya kiti cha pili, kile ambacho kwa muda mrefu kilikuwa cha kuwekea vitu tu.

Charline alibaki amesimama kidogo pale kizingitini. Kisha akainama, akavua viatu vyake vyenye matope, akavipanga ukutani kimoja karibu na kingine, kama mtu aliyekusudia kukaa.