Jumamosi ya Kabati

Rubani msaidizi alikuwa na mistari mitatu begani na alitaka wa nne. Aliutaka kwa miaka tisa, na safari hii mambo yalikuwa yameiva: mitihani ya ukapteni kafaulu, daktari kampitisha, wakubwa wake wamemsifia. Kilichobaki ni karatasi. Kampuni ilimtaka aingize saa zake zote za kuruka, pamoja na ratiba za zamu zake, kwenye programu mpya, na azitume kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Ndani yake zisipungue saa mia tatu za usiku. Akichelewa, au zikipungua, nafasi inakwenda kwa mwenzake, naye angoje mwaka mwingine.

Sasa, huyu bwana kurusha ndege aliweza, ila kukaa kitako na kunakili tarakimu kulimtia homa. Alikuwa na madaftari matatu manene, yenye alama za vikombe vya kahawa, na mwandiko ambao hata mfamasia angeomba msaada. Alijaza ukurasa mmoja kwenye tableti, akapiga miayo minane, akaingia mitini.

Aliyemwokoa ni mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi mtaa wa pili. Mama huyu alipanga ratiba ya shule ya sekondari kwa miaka thelathini na moja. Wanafunzi walimbandika jina la Mama Kengele, kwa sababu mwalimu akichelewa kipindi dakika mbili alimkuta mlangoni anatazama saa yake ya mkononi. Tangu astaafu hakuwa na mtu wa kumchelewea, na jambo hilo lilimkosesha raha kabisa.

"Nipe mimi, mkwe," alisema.

"Mama, kazi yenyewe inachosha."

"Nimewapangia walimu arobaini na wawili katika madarasa kumi na tisa, na wa fizikia hataki kufundisha baada ya chakula. Halafu wewe unanieleza habari za kuchoka?"

Kesho yake alifika saa mbili kamili asubuhi, na miwani, na rula, na kitambaa chake mwenyewe cha kupangusia tableti. Programu akaiweka na kwenye simu yake, ili jioni akiwa kwake aendelee kukagua. Kila safari ilikuwa mstari mmoja: tarehe, saa ya kuondoka, saa ya kutua. Aliweka rula chini ya mstari, akausoma kwa sauti, akaandika, akapiga tiki kwa penseli. Swali aliuliza moja tu, siku ya kwanza, na mkwewe akamjibu bila kuinua macho kwenye simu alimokuwa anatazama mpira. Swali hilo liwekeni akiba.

Siku ya tisa mama mkwe aliiacha rula yake katikati ya ukurasa, akavua miwani, akamfuata rubani jikoni alikokuwa anamenya chungwa.

"Mwanangu," alisema, "nimekukosea."

Rubani akashtuka. Neno "mwanangu" alikuwa hajalisikia kinywani mwake kwa miaka miwili, tangu Jumamosi ya kabati.

Jumamosi hiyo mama mkwe alikuwa anahamia ghorofa ya pili, na kati ya vitu vyake lilikuwemo kabati la milango mitatu, zito, alilotengenezewa na marehemu mumewe. Lilikwama kwenye kona ya ngazi kuanzia saa kumi jioni mpaka saa moja. Majirani wawili walikuwa chini wanasukuma, na yeye juu anabana mlango kwa goti usifunguke. Saa kumi na moja alimpigia mkwewe simu aje kusaidia. Aliyepokea ni binti yake, mke wa rubani. "Yuko angani, mama," alisema. Nyuma yake mtu alisikika akishangilia bao. Mama mkwe hakuuliza zaidi, ila tangu siku hiyo rubani aliitwa "mkwe" na si "mwanangu", na akimtembelea, chai yake ililetwa bila sukari.

"Leo nimeifikia ile Jumamosi kwenye daftari," alisema sasa. "Umeondoka saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Nimeiandika kwa mkono wangu. Ulikuwa kazini kweli, na mimi nimekushuku miaka miwili mizima. Nisamehe, baba."

Rubani alibaki na chungwa mkononi. Ukweli ni kwamba saa kumi na moja ya Jumamosi ile alikuwa kwenye kochi, miguu juu ya stuli, timu yake inaongoza mbili bila. Hakuelewa daftari limemteteaje. Lakini mama mkwe alikuwa anamtazama kwa upole ambao alikuwa ameshausahau, na kusema kweli aliufurahia.

"Yamepita, mama," alisema.

Jioni ile chai ilikuwa na vijiko vitatu vya sukari, na yeye hunywa kwa kimoja. Aliimaliza yote.

Alhamisi mchana kazi ikakamilika na programu ikajumlisha. Saa zote: elfu nne mia moja na kumi. Saa za usiku: mia mbili na kumi na mbili.

Rubani alizisoma mara mbili. Haiwezekani! Alikuwa ameruka usiku mwingi mno, hata macho yake yalijua. Akafungua madaftari, akalinganisha mstari kwa mstari, na Mama Kengele hakuwa amekosea tarakimu hata moja. Ndipo akaona maneno madogo juu kabisa ya ukurasa wa programu: Saa za nyumbani.

Marubani hawaandiki saa za nyumbani. Kila nchi ina saa yake, na ili wasikorogane angani wote huandika saa ile ile, wanayoiita saa ya dunia. Saa hiyo iko nyuma ya saa ya kwao kwa saa tatu. Ndege ambayo daftari linasema iliondoka saa kumi na moja jioni, kwa mtu aliyesimama barazani kwake iliondoka saa mbili usiku, giza limeshaingia. Programu iliambiwa saa hizo ni za nyumbani, ikaamini, na safari zake nyingi za usiku ikazihesabu kuwa za mchana. Dawa ilikuwa kugusa maneno yale madogo mara moja, yawe Saa za dunia.

Kidole kilikuwa hewani alipokumbuka kabati. Na ile Jumamosi ingesogea. Mama mkwe angeona safari imeondoka saa mbili na dakika ishirini usiku, wakati kabati limeshafika juu na majirani wameshaoga.

"Mwambie tu," alisema mkewe, akicheka mpaka akashika ukuta.

"Wewe ndiye ulisema niko angani!"

"Nilisema ulichoninong'oneza niseme. Msalaba wako huo, ubebe mwenyewe."

Rubani akaamua kufa na tai shingoni. Alichukua tableti, akajifungia ndani ya gari, akagusa yale maneno. Saa za usiku zikawa mia tatu arobaini na moja. Akashusha pumzi. Kabla hajazituma, zikarudi mia mbili na kumi na mbili. Akagusa tena. Zikarudi. Akagusa mara ya tatu, zikarudi kwa kasi zaidi, na simu yake ikaita.

"Mwanangu, uko wapi?" Sauti ya mama mkwe ilikuwa ya vita. "Kuna mtu kaingia kwenye saa zako! Anazisogeza zote, mimi nazirudisha."

"Labda ni mtandao, mama."

"Mtandao gani unagusa mahali pamoja mara tatu? Huyu ni mtu, tena ana haraka. Atakuwa yule mwenzako anayeitaka nafasi yako. Mwache. Nimekaa naye hapa, hanitoki."

Rubani alifunga macho. Mwanamke mwenye miaka sitini na minane alikuwa anampigania dhidi ya adui, na adui mwenyewe amejificha kwenye gari nje ya nyumba yake mwenyewe. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Hata hivyo Ijumaa asubuhi alijaribu tena. Zikarudishwa kabla hajameza mate.

Saa nne na nusu alipanda ngazi za kwa mama mkwe. Kwenye kona alipita ule mchubuko ukutani, rangi imebanduka kwa urefu wa mkono, pale lilipokwama kabati. Mama mkwe alikuwa mezani, ameegemeza simu kwenye kopo la sukari, hapepesi macho. Nyuma yake kabati limesimama.

"Mama," alisema, "huyo mtu ni mimi."

Akamweleza yote ya saa ya dunia, haraka haraka, akiwa amesimama. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Siku ya kwanza nilikuuliza," alisema. "Hizi saa ni za wapi? Wewe ulisemaje?"

Rubani akakumbuka. Ilikuwa dakika ya themanini na tisa, mpira wa kona. "Nilisema za hapa hapa nyumbani, mama."

"Haya. Na jana mbona hukuniambia? Ningesogeza mara moja tu."

Rubani alifungua mdomo. "Mama, ile Jumamosi..."

"Ngoja." Aligusa maneno yale mwenyewe. Mia tatu arobaini na moja. Kisha kidole chake kikaanza kushuka taratibu kwenye orodha, mwaka huu, mwaka jana, mwaka juzi, kikasimama. Ile Jumamosi: saa mbili na dakika ishirini usiku. Rubani alisikia jirani akiburuta kiti chumba cha chini.

"Saa tano kasorobo," alisema mama mkwe. "Tuma kwanza, mwanangu."

Akatuma. Baada ya dakika chache ujumbe ukaja kwamba saa zake zimepokelewa na zimetimia. Rubani akakaa chini kwa mara ya kwanza tangu aingie, na machozi yakamlenga. Mama mkwe alimpigapiga mgongoni mara mbili. Kisha akakunja mikono ya gauni lake.

"Hili kabati nalitaka chumbani, pale dirishani."

"Leo, mama?"

"Kwani leo una zamu?"

"Sina."

"Najua. Ratiba yako nimeiingiza mimi."

Rubani alivua koti, akalitundika kwenye kiti. Mama mkwe alizunguka upande wa pili, akaubana mlango wa kabati kwa goti, kama anayejua linakofungukia.

"Siku ile," aliuliza, "mlishinda?"

"Tatu moja, mama."

"Afadhali. Haya, shika upande mzito, kapteni."