Ukaguzi wa Fahali wa Mabaraza Mawili

Kutoka Njombe mpaka Makambako hakuna mtu aliyewahi kuninunua kwa sahani ya chakula. Mwulizeni yeyote, ila msimwulize Lameki.

Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, alituletea fahali mmoja wa mbegu, akayaambia mabaraza mawili, la Njombe na la Makambako, yamtumie kwa zamu. Kazi yake mitamba tu. Nira wafungwe maksai. Akiwa upande mmoja, upande wa pili upeleke mkaguzi, na mkaguzi abebe chakula chake, maana sisi tukishakula kwa mtu, ulimi wa kumsema huwa mzito.

Njombe ikanituma mimi, Kefa wa darasa la kumi, kwa majaribio. Nikifaulu, kazi yangu, na baiskeli ya baraza yangu. Mchumba wangu Hulda alishachagua atakavyokaa nyuma.

Nikafika Makambako na mfuko wa mahindi ya kukaanga. "Kamwene, Bwana Mkaguzi!" Lameki, mtunza fahali, akanipokea kama mkwe. Nikamzunguka mnyama. Manyoya ya shingo yamekwanguka, mstari umenyooka kama wa rula.

"Nira hiyo," nikasema.

"Anajikuna kwenye nguzo, bwana. Karibu ndani."

"Sili kwa mtu mimi."

"Nani kasema ule? Kaa tu. Mama Enoki! Maji ya kunawa!"

Kunawa si kula. Ila mkono ukishanawa, na mkewe Lameki ameshafunua chungu cha kuku, kuurudisha mkono mfukoni ni utovu wa adabu. Nilipotoka, mahindi yangu yote nikampa fahali, akalamba mfuko mpaka kwenye pindo. Nikaitazama tena shingo, nimeshiba. Kweli, ilikuwa nguzo.

Siku ya makabidhiano baraza la pamoja likakaa Njombe, uwanjani.

"Fahali hana doa!" nikatangaza.

"Ulikula kwa nani?" akauliza mwenyekiti, Mzee Yoramu.

"Mfukoni mwangu, Mzee. Huu hapa, mtupu!" Nikauinua wote wauone.

Hata fahali akauona. Lameki ndiyo kwanza anamleta, mkewe akifuata nyuma, kamba ikamponyoka. Mnyama akawapita wazee, akawapita akina mama, akaja moja kwa moja akazamisha pua mfukoni mwangu. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Baiskeli apewe fahali," Hulda akapaza sauti, "ndiye mkaguzi!"

Mzee Yoramu akaipapasa ile shingo, machozi ya kicheko yakimtoka. "Kefa mwanangu, kumbe mahindi aliyala huyu. Basi wewe ulikula nini?"

Nikamtazama Lameki. Lameki akatazama mawingu.

"Kuku, Mzee," akajibu Mama Enoki kutoka nyuma. "Mpaka firigisi ya mwenye nyumba."