Ubatizo wa Oktoba

Jumamosi ile ya Oktoba walitoka mtaani kwao Kingstanding asubuhi na mapema, watu thelathini na wawili ndani ya basi la kukodi, kwenda pwani ya Wales kubatiza. Pasta Gaston alikuwa amekataa bwawa la kuogelea la mtaani. Alitaka maji ya Mungu, si maji ya dawa.

Léocadie, dada yake mdogo, aliketi nyuma ya dereva pamoja na mumewe Mardochée, shemasi wa kanisa. Redio ikatangaza upepo mkali na mawimbi makubwa pwani yote ya magharibi. Dereva akaongeza sauti. Gaston akamwomba azime, watu wapate kuimba.

Ufuko ulikuwa mtupu. Waokoaji walikuwa wameondoka tangu mwisho wa Septemba, na mahali pao palibaki kibao chekundu tu. Léocadie alikisoma polepole, kisha akamfuata kaka yake, aliyemwita yaya kama wadogo walivyowaita wakubwa wao kule Uvira.

"Yaya, wameandika tusiingie. Maji yanavuta watu."

"Sisi tulikomaa mu Tanganyika, Léo. Haya ni mawimbi tu."

"Ziwa si bahari."

"Usitie watu woga."

Mawimbi yalivunjika kwa kishindo kulia na kushoto, lakini katikati palikuwa na njia ya maji yaliyotulia. Gaston akachagua hapo. Hawakujua kwamba ni hapo hasa maji yaliyosukumwa ufukoni hupita yakirudi baharini.

Wa kwanza alikuwa Francine, msichana wa miaka kumi na tisa. Gaston alimshika mkono mmoja, Mardochée mwingine. Maji yalipofika kiunoni, mchanga ukaondoka chini ya miguu yao. Gaston akamwachia Francine, akageuka kukimbilia nchi kavu. Mardochée hakumwachia. Alimsukuma kando, kwenye mawimbi, na wimbi likambwaga msichana mchangani, mzima. Mardochée mwenyewe alikuwa ameshachukuliwa mbali. Léocadie aliuona mkono wake ukiinuka mara mbili. Aliingia majini mpaka magotini, wanawake wakamvuta kwa kitenge chake.

Mwili uliokotwa siku ya nne.

Kwenye mazishi Gaston alihubiri kwamba Mungu alikuwa amemwita mtumishi wake. Kibao hakukitaja.

Miezi sita baadaye waliitwa mbele ya hakimu anayechunguza vifo. Gaston aliapa kwamba hakukuwa na onyo lolote. Francine alipoulizwa alitazama viatu vyake, akasema hata yeye hakuona kitu. Ikafika zamu ya Léocadie.

"Kibao kilikuwepo," alisema. "Nilimwambia kaka yangu kilichoandikwa."

Mkalimani, mama wa Kitanzania, aliyageuza maneno hayo kwa Kiingereza.

Hakimu aliandika kwamba ni ajali. Gaston alirudi madhabahuni Jumapili iliyofuata. Wanawake waliokuwa wakimletea Léocadie chakula tangu msiba hawakuja tena. Mama yake alipiga simu kutoka Uvira, akalia, akasema, "Umemuuza ndugu yako kwa wazungu." Léocadie alimjibu kwamba mume wake naye alikuwa ndugu wa watu. Simu ikakatika, na hakuna aliyeipiga tena.

Jioni moja mwezi wa Juni, alipotoka kazini kwenye ghala la Washwood Heath, alimkuta Francine mlangoni kwake na sufuria ya sombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa.

"Mama Léo, nilikiona kile kibao."

"Najua."

"Pasta alisema nikisema, kanisa litafungwa. Nisamehe."

Léocadie alimtazama uso, mashavu yaliyojaa, nywele zilizosukwa upya. Mtoto mzuri. Alitamani kumkumbatia, na alitamani kumpiga.

"Umeshamwambia mtu mwingine?"

"Hapana, mama. Wewe tu."

"Mimi nilikuwa pale, Francine. Huna la kuniambia. Nenda kaseme kanisani, mbele ya watu wote."

Msichana alianza kulia, akamnyooshea sufuria. Léocadie hakuipokea. Aliingia ndani, akafunga mlango, akaketi kwenye ngazi bila kuvua koti, akisikiliza kilio kile mpaka kilipoondoka.

Jumapili iliyofuata Francine aliimba kwaya kama kawaida.