Asilimia Ishirini ya Mama

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama uwanjani kwetu Kisimakavu, nimemweka mama yangu kwenye toroli. Msiniulize toroli nimelitoa wapi. Mama ametulia humo na kanga zake mbili na pochi mapajani, kama abiria aliyelipa nauli.

Kwanza niwaambie jambo, na hili si la ndotoni. Kisimakavu ni bondeni, na masika yakianza maji yanaingia ndani bila hodi. Ndiyo maana vitanda vyetu vyote tumevipandisha juu ya matofali. Cha mama kina matofali matatu tu. La mguu wa nne lililowa likamung'unyika, tukachomeka kopo la rangi. Tangu hapo akijigeuza tu, kitanda kinapiga ko! na yeye anashtuka. Mama yangu, Bi Mwamvua, hajapata usingizi wa maana tangu mafuriko ya mwaka jana, na mimi inaniuma, sifichi. Nilimwahidi chumba kikavu. Chumba chenyewe nilikitegemea kwenye mradi wa nyumba za gharama nafuu, ambao leo asubuhi ulikuwa uzinduliwe tena pale uwanjani.

Tena, mmesikia. Kila baada ya muda anakuja mgeni rasmi, anaweka jiwe la msingi, anapigiwa vigelegele, anakula pilau, anaondoka. Nyumba hakuna. Jiwe ni lile lile, linapakwa chokaa upya na maneno yake yanapitishwa rangi nyeusi: NYUMBA BORA KWA WOTE.

Basi, turudi ndotoni. Katikati ya uwanja kuna dirisha. Lina nondo, lina pazia, ila halina ukuta. Juu yake pameandikwa Dirisha la Mikopo ya Makazi. Watu wamepanga foleni mbele yake chini ya jua kali, na hakuna anayethubutu kupita pembeni, ingawa pembeni ni peupe.

Zamu yangu inafika.

"Dhamana?" linauliza dirisha.

"Dhamana gani?"

"Nyumba."

"Jamani, si nyumba ndiyo niliyoifuata?"

"Ukishaipata ilete. Tutakukopesha ya kuijengea."

Nikaona lina haki. Ndotoni mtu haoni ubaya wa kitu. Nikauliza kama hakuna njia nyingine kwa sisi wa hali ya chini, likasema ipo. Wafadhili wameshatoa asilimia themanini ya kila chumba. Ishirini iliyobaki anachangia mlengwa.

"Mlengwa ni mama," nikasema.

"Mpandishe mizani."

Kufumba na kufumbua tuko sokoni, kwenye mizani ya kupimia mahindi, na mama keshapandishwa. Anayepima ni mkasi, ule wa kukatia utepe, mrefu kunizidi, amefunga tai, na soko zima linamwita Mheshimiwa.

"Kilo hamsini," anasema Mheshimiwa Mkasi. "Asilimia ishirini ya mlengwa ni kilo kumi. Tukate wapi, mama?"

"Mkate nini?" nikaruka.

"Mchango wake." Anajifungua na kujifunga, kwacha, kwacha. "Atachagua mwenyewe. Mradi huu ni shirikishi."

Mama anajiangalia juu mpaka chini, bila haraka, kama anayechagua kitambaa dukani.

"Chukueni huu mguu wa kushoto, baba. Kwanza unanisumbua siku za baridi."

"Mama!"

"Nyamaza wewe, Mwajabu. Unataka chumba halafu hutaki kuchangia? Wenzio watasemaje?"

Nageuka kutafuta wa kunisaidia, nakutana na bango la mradi: ghorofa za rangi ya maziwa, majani ya kijani kibichi, na familia inayotembea huku inacheka. Familia ile inashuka kutoka kwenye bango, inakabidhiwa funguo, inapanda tena kwenye bango. Haijaacha kucheka.

"Hao ni nani?" nikauliza.

"Wakazi," anasema Mkasi. "Wametimiza masharti yote. Hawali, hawaugui, hawachelewi marejesho."

"Na mama yao alichangia nini?"

"Hawana mama. Aliondolewa kwenye mchoro wa pili."

Sasa Mkasi anajipanua, anauweka mguu wa mama katikati, na ngoma ya kikundi cha hamasa inaanza kulia. Mama amefumba macho. Nikawaza, chumba hiki nimekitafuta mimi, mguu anatoa yeye, na akishaupoteza atanishukuru. Hilo ndilo lililonitoa machozi.

"Hebu subirini," ikasema sauti kutoka chini.

Lilikuwa jiwe la msingi. Limekuja lenyewe kutoka uwanjani, linahema.

"Shikamoo," nikasema, maana limenizidi umri.

"Marahaba, mwanangu. Mimi nina kilo kumi, na chokaa yote hii huenda nazidi. Niwekeni mimi kwenye mchango, mama abaki na mguu wake."

"Haiwezekani," anasema Mkasi. "Wewe una uzinduzi asubuhi."

"Uzinduzi nimechoka nao! Wamenishika wakubwa kwa glavu nyeupe, wamenipiga picha, wamenimwagia maji ya waridi. Lakini tangu nizaliwe sijabebeshwa hata banda la kuku. Sasa mimi ni jiwe la msingi wa nini?"

Likaanza kulia. Chokaa ikawa inachuruzika, na mama akatoa ncha ya kanga akalifuta.

"Kazi ya jiwe la msingi ni kuwekwa," Mkasi akalifafanulia, kwa upole kabisa. "Kubeba ni fungu jingine, na fungu hilo halijapitishwa."

Jiwe likamgeukia mama. "Bi Mwamvua, kwako hakuna chochote cha kubebwa?"

Mama akafikiri. "Kipo kitanda," akasema.

"Twendeni."

Sikungoja kuambiwa mara mbili. Nikasokota kanga ya mama nikafanya kata, nikajitwisha jiwe, nikamrudisha mama kwenye toroli, huyoo, nikatimua mbio. Soko linageuka uwanja, uwanja unageuka uchochoro wetu. Nyuma yetu Mheshimiwa Mkasi anakuja, kwacha, kwacha, anakata kamba za kuanikia nguo na kila kamba ananyoosha shingo apigwe picha. Dirisha nalo linapiga kelele, "Mmeruka foleni! Mmeruka foleni!" Mama anacheka mpaka toroli linayumba.

Nikaamka kumekucha, shingo inaniuma vibaya. Nje wanafunga maturubai, na spika inakohoa: moja mbili, moja mbili. Halafu mtu akasema, "Ndugu wananchi, mwenye taarifa za jiwe la msingi afike meza kuu haraka. Mgeni rasmi yuko njiani."

Nikaenda chumbani kwa mama. Amelala fofofo, kelele zote zile, mdomo wazi. Nikiwa mlangoni akajigeuza upande wa pili. Nikasubiri ile ko! Haikuja.

Nikapiga magoti nikainua shuka. Kopo la rangi lilikuwa limesukumwa pembeni. Chini ya mguu wa nne kulikuwa na jiwe jeupe, chokaa bado mbichi, na maneno yaliyotazama upande wangu yalisomeka: BORA KWA WO.

"Hodi! Dada Mwajabu!" Alikuwa mjumbe wetu, yuko dirishani, jasho linamtoka. "Hujaliona jiwe?"

Nikateremsha shuka taratibu.

"Punguza sauti, mjumbe," nikamwambia. "Mama amelala."