Manyoya ya Kitovuni

Tressa alisimama mbele ya kioo cha bafuni, pindo la fulana kaling'ata kwa meno, anabandua ukoko kwenye kipini cha kitovu. Kipini kilikuwa kipya. Ukoko ulikuwa wa njano, mgumu pembeni na laini katikati, kama kamasi la mtoto asiyefutwa pua, na ulinuka jibini iliyosahaulika kwenye gari. Alilowesha kitambaa kwenye maji ya chumvi, akakibandika, akasubiri kidogo, akavuta. Ukoko ukatoka na unyoya.

Ulikuwa mdogo, mweupe, wa kifua cha kuku, umelowa usaha. Aliutupa chooni. Akavuta wa pili. Wa tatu uling'ang'ania chuma, ikabidi autoe na kibanio cha nyusi. Alipomaliza alifunika na bendeji akaenda kazini, kwenye duka la vyakula vya mifugo, maana bosi wake hapendi watu wa kuchelewa.

Mji wenyewe uko Arkansas, Marekani, na unakula kwa kuku. Hakuna nyumba isiyo na mtu kwenye kiwanda cha kuchinja kuku. Nyuma ya kiwanda kuna bwawa linalomwagiwa damu, mafuta na maji ya kunyonyolea, rangi yake kama supu iliyochacha, na chini ya bwawa hilo ndiko viliko visima vya mji. Kila mtu anajua. Maji ya bomba yanatoka na utando juu. Unautoa kwa kijiko, unachemsha kahawa.

Baada ya kazi Tressa alipita kwa Dewey, yule aliyemtoga. Dewey ana kichumba nyuma ya duka la matairi, ana ndevu hadi kifuani, na mikono yake ndiyo mikono misafi kuliko yote mjini. Siku ya kumtoga alimwambia anunue maji ya chumvi ya kopo, apulize, asikiguse kipini. Tressa akafanya kama wanavyofanya wote pale: maji ya bomba, chumvi ya mezani, na kuzungusha chuma kila asubuhi kama bibi yake alivyokuwa akizungusha hereni.

"Nilikwambia usikizungushe," Dewey alisema.

"Sikizungushi."

"Tressa."

"Nazungusha kidogo tu."

Dewey alimulika na tochi, akavuta unyoya, akaunusa. Akasema kitobo hakina neno, kinapona vizuri. Akauliza nyumbani wanakunywa nini. Tressa akasema maji. Dewey akasema basi ndiyo hayo. Kila aliyemtoga pale mjini anatoa kitu. Mpiga gitaa wa kanisani nyusi yake inachuruzika mafuta, na yule jamaa wa posta sikio lake linatoa magamba ya miguu ya kuku, anayafutia kwenye suruali.

"Uchafu umepata pa kutokea, uache utoke," alisema. "Ila usije ukakitoa hicho chuma. Ukikitoa tu ngozi inafunga, na vyote hivyo vinabaki humo ndani na wewe."

Mama yake Tressa, Rhonda, yuko kiwandani kwenye mstari wa matumbo, wa kutoa utumbo wa kuku, tangu Tressa hajazaliwa. Aliyakuta manyoya kwenye kochi na wala hayakumshtua, manyoya anayaona kutwa. Kilichomtia kinyaa ni kipini. Alisema mtu mzima na akili zake hajitobi tumbo kama fahali wa maonyesho. Kisha akaokota manyoya, akatia kwenye mfuko wa taka, akapika tambi.

Mambo yaliharibika Haskell alipomwita Rhonda. Haskell ni msimamizi wa mstari, mtu wa sauti ya chini, shati limechomekwa vizuri. Alimwambia Rhonda kwamba binti yake anadondosha manyoya dukani, kwenye magunia ya chakula cha farasi, na wateja wanaongea. Wakianza na manyoya watafika kwenye maji, wakifika kwenye maji watafika kwenye bwawa. Hakumtisha. Alisema hata yeye ni mzazi, na kwamba angefurahi kitobo kikizibwa kabla wakaguzi hawajaja, na kwamba watu wanaoitaka nafasi yake Rhonda ni wengi.

Jioni hiyo Rhonda hakuvua hata buti.

"Kitoe."

"Dewey kasema nisikitoe, mama."

"Dewey ndiye anayekulaza hapa? Wakinifukuza tutalala kwenye gari, wewe na mimi na hicho kidude chako. Kitoe, Tressa."

Tressa akakitoa. Chuma kilitoka na uzi mrefu wa usaha ulionyooka, ukanyooka, ukakatika. Kabla chakula hakijaiva ngozi ilikuwa imeziba.

Asubuhi suruali haikufunga. Tumbo lilikuwa limejaa na kung'aa, mishipa ya kijani imetambaa juu yake, na ukilibonyeza lilikwaruza kama mto uliojazwa manyoya, maana ndicho kilichokuwemo. Pumzi yake ilinuka kuku aliyeloweshwa maji ya moto. Nesi wa zahanati ya kiwanda alilipapasa, akasema ni gesi, akampa vidonge vya mnanaa, akasifia jinsi kitobo kilivyofunga vizuri. Jumapili kanisani Tressa hakuweza kukaa wima. Mwanamke aliyekaa mbele yao aligeuka, akampa mto wa kuegemea, akageuka tena kuimba. Tressa alikuwa anachemka kwa homa, na kufikia wimbo wa mwisho alikuwa hajibu akiitwa jina.

Rhonda alimbeba hadi kwenye gari akampeleka kwa Dewey, bado amevaa viatu vyake vya kanisani. Dewey alikuwa anamalizia mkate. Alinawa kwa maji ya chupa, akavaa glavu, akampa Rhonda beseni.

"Shika hapa. Ukitaka kutapika, tapika pembeni."

Rhonda akasema yeye ameshika matumbo maisha yake yote.

Dewey akaingiza sindano palepale pa zamani. Kwanza ulitoka usaha, mzito, unajikunja ndani ya beseni kama uji. Ukafuata mpira wa manyoya, halafu mafuta, halafu vipande vya ngozi vya njano vyenye vipele. Harufu ilijaa hadi huko kwenye matairi, mtu akafunga mlango. Mwisho ukachungulia ukucha. Dewey aliushika kwa koleo akavuta taratibu, ukatoka mguu mzima wa kuku, vidole vimekunjwa.

Rhonda alitapika. Alitapika pembeni, kama alivyoambiwa. Kisha akauokota ule mguu, akageuza sehemu ulipokatwa, mkato wa mshazari juu kidogo ya kifundo.

"Huu mkato ni wa mashine yetu," alisema. "Mimi ndiye ninayeinoa."

Tressa alifumbua macho akaomba maji. Dewey akamfungulia soda.

Dewey alipomaliza kumvisha Tressa kipini kipya, Rhonda alikuwa bado amesimama. Aproni yake ya kazini alikuwa anaibadilisha kila mwaka kuchukua kubwa zaidi, akidhani ni uzee. Aliweka beseni chini, akapandisha blauzi yake ya kanisani. Tumbo lilikuwa jeupe, limekaza, linang'aa.

"Na mimi," alisema. "Weka chuma kinene. Mimi nimekunywa muda mrefu."

Kwenye mstari wa matumbo mapambo ni marufuku, yanaweza kudondokea kwenye nyama. Haskell alikitazama kipini kwenye tumbo la Rhonda, akatazama foleni ya wanawake nyuma yake, nao pia wametoka kwa Dewey, na mstari hauwezi kwenda bila watu. Akaleta boksi la plasta za bluu za kufunikia vipini, zile zinazoonekana upesi zikidondoka. Akasema kila mtu abadilishe wakati wa mapumziko, na mtu asitupe manyoya sakafuni. Wakaguzi walikuja, wakakuta plasta zote ni za bluu, wakaondoka.

Siku hizi mapumziko yakifika wanawake wanakaa kwenye benchi za chumba cha kubadilishia nguo, wanabanduana plasta, wananyonyoana, wanaongea habari za mpira na za mume wa fulani. Rhonda hutoa mengi kuliko wote, wanamtania kwamba angepimwa kwa kilo. Kengele ikilia wanabandika plasta mpya, wanakunywa maji kwenye bomba la ukutani, mmoja mmoja, wanarudi kwenye mstari.