Mama Hakuenea Kwenye Flashi

Kuchoka kuna daraja, na fundi wa kompyuta alikuwa amefika lile la kugombana na vyombo. "Wewe nawe," aliiuliza flashi, "kinachokushinda nini?" Flashi ilikuwa tupu, gigabaiti thelathini na mbili, na video ya marehemu mama yake haikufika hata saba. Bado kompyuta ikasema ng'o: faili ni kubwa mno.

Mganga hajigangi. Jambo analowaeleza wateja mpaka koo linamkauka, yeye mwenyewe lilimpita. Flashi kuwa na nafasi ni kitu kimoja; mpangilio wake wa kuhifadhi mafaili nao una sheria zake. Ule wa zamani, FAT32, hata ukiwa na ghala zima haupokei mzigo mmoja unaozidi gigabaiti nne. Mipya, NTFS na exFAT, humeza takriban chochote utakachoiletea. Basi akabadilisha mpangilio, akanakili, akapanda ngazi za nyumbani kwa baba yake huku magoti yakimlilia. Tivi ikaandika: hakuna kifaa.

"Si nilikwambia!" alisema mdogo wake wa kiume, wakati hakuwa amemwambia kitu.

Tivi ile ilikuwa ya enzi zile, ikiujua mpangilio wa zamani tu. Simu nayo haikufaa. Jicho moja la baba lilikwisha zima, na daktari alisema la pili liko njiani. Kioo cha simu kwake kilikuwa giza tupu. Aliomba jambo moja, amwone mkewe akizungumza kabla macho hayajazima yote.

"Pole na kazi, mwanangu," alisema mzee. "Utakuja tena." Hakulalamika, na afadhali angelalamika.

Kesho yake fundi alirudisha mpangilio wa zamani, akaketi dukani kwake na video. Kuibana ipungue ukubwa kungewezekana, lakini uso ungeingia ukungu, na ukungu baba anao wa kutosha. Ilibidi aikate vipande viwili. Haya, umkate mama wapi? Mwanamke yule hakuwahi kukatizwa na mtu. Ukimdakia neno anaanza upya, tangu alipoposwa. Anasimulia, anacheka, anawasuta majirani, hapumui. Fundi alijiona kama anamziba mdomo mzazi wake, akalia kidogo hapo hapo mezani, mteja mmoja akajifanya anasoma tangazo ukutani.

Mwishowe akaona mahali. Mama anainuka kitini, anafuta mikono kwenye gauni, anasema, "Ngojeni nikatazame jikoni, nakuja." Fundi akashusha pumzi, akakata hapo.

Jioni tivi ilikubali. Baba alivuta kiti mpaka magoti yakagusa meza. Mama alipocheka, naye akacheka, mama alipoongeza chumvi, akabisha kwa sauti: "Uongo huo! Aliyechelewa siku ile ni yeye!" Mdogo mtu alikuwa ameufunika uso kwa mikono miwili.

Kisha mama akainuka. "Ngojeni nikatazame jikoni, nakuja." Kioo kikawa cheusi.

Fundi akanyoosha rimoti kufungua kipande cha pili. Baba akamshika mkono.

"Acha."

"Baba, haijaisha. Nimeikata mimi, flashi haikuipokea nzima. Kuna kipande kingine."

"Nimekusikia. Acha kwanza." Hakuondoa uso kwenye kioo. "Tangu tumzike, hii ndiyo mara ya kwanza ameniaga vizuri. Amesema anakuja."

 Fundi akaketi sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye goti la baba yake, na uchovu wa siku zote zile ukamshukia kwa pamoja. Rimoti aliiweka chini. Wakamngoja mama, wote watatu, na hakuna aliyemharakisha.